Tiketi zako ziuze mwenyewe

Filamu yangu ya kwanza, ya dakika 28, ilipata cheti kwenye tamasha. Nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni, kisha nikakodi ukumbi wa viti 120 na kukaa kusubiri watu wamiminike. Walikuja 11. Saba walikuwa ndugu zangu, na shangazi aliondoka katikati akiwahi daladala.

Aliyeniamsha ni mtu ambaye filamu zake, kusema kweli, ziliwahi kunilaza usingizi: Tsai Ming-liang wa Taiwan. Alizaliwa Kuching, Malaysia, mwaka 1957, akahamia Taipei akiwa kijana kusomea maigizo. Mwaka 1994 filamu yake ya pili ilitwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Italia. Ungedhani baada ya hapo mambo yalimnyookea. Wapi! Filamu zake tatu za mwanzo alizitengeneza chini ya kampuni kubwa. Alipobaki na kikampuni chake, Homegreen Films, ilibidi atafute watazamaji kwa miguu yake, maana filamu ambayo mtu anakaa kimya dakika nzima na nusu akitazama ukuta haijiuzi. Akaingia mtaani na mwigizaji wake, Lee Kang-sheng, tiketi mkononi, wakimsimamisha mpita njia mmoja mmoja. Mshindi wa Venice huyo!

Nami nikachapisha tiketi 150 za shilingi 3,000, nikaenda stendi. Siku ya kwanza niliuza mbili. Nilikuwa naanza na "filamu yangu imeshinda", mpaka mama mmoja muuza samaki akanikatisha: "Inahusu nini?" Nikajiumauma. Kesho yake nikaanza na kisa chenyewe: kijana anaificha barua ya baba yake ya kuachishwa kazi. Yule mama akaacha kupaa samaki. "Kaificha wapi?" Njoo uone, mama. Akanunua mbili, noti zikinuka shombo.

Kwa hiyo ukienda, anza na kisa, cheti kiache nyumbani. Tiketi ya mkopo usitoe hata kwa rafiki, kwa sababu asiyelipa haji. Chukua namba ya simu ya kila aliyenunua, umpigie asubuhi ya siku ya onyesho. Mara hiyo walikuja 94.

Jambo jingine nililojifunza kwa Tsai linahusu waigizaji. Lee hakuwa mwigizaji. Tsai alimkuta nje ya duka la michezo ya video Taipei. Mwanzoni polepole yake ilimkera, akawa anamhimiza aharakishe. Kijana akamjibu kwamba yeye ndivyo alivyo. Tsai akakubali kumsubiri, na tangu hapo hajatengeneza filamu ndefu ya kuigiza bila yeye. Hata Lee alipopatwa na maradhi ya shingo, maradhi yale yakawa kiini cha filamu ya 1997. Yaliporudi miaka mingi baadaye, Tsai akawasha kamera tena, akarekodi matibabu bila muswada wowote, na humo ikazaliwa filamu ya 2020, *Days*. Mtu mmoja, shingo moja, filamu mbili. Sisi kila kazi tunatafuta sura mpya yenye wafuasi wengi mtandaoni, halafu tunalia bajeti imeishia kwenye posho.

Sikushauri uige mwendo wa filamu zake. Nilijaribu shoti moja ya dakika nne, mwanamke akichambua mchele, na mhariri wangu akaniuliza kama kompyuta imeganda. Tuliikata.

Ila kuna fundi baiskeli aliyeigiza baba kwenye ile filamu ya barua. Niliapa simrudii, kwa sababu kila sentensi ilimchukua karne. Wiki iliyopita nikaitazama tena, na pale anapotafuta neno, akipangusa grisi vidoleni, ndipo pekee ambapo sikuangalia simu. Nikamfuata kibandani kwake. Amekubali, ila Jumapili tu, na nimletee spoku za inchi 26.