Msuli hausukumi, huvuta tu

Dadangu, mwanao kauliza jambo la maana sana: ikiwa msuli unajua kuvuta tu, hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, anausukumaje mkokoteni? Jibu liko nyuma ya mkono. Baisepsi, msuli wa mkono wa juu, iko mbele, na kano yake (kamba inayounga msuli na mfupa) imeshika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Ikijikaza, kiwiko hukunjika. (Chini yake kuna msuli uitwao brakialisi, ambao ndio hasa wenye nguvu ya kukunja, ingawa sifa zote hupewa baisepsi.) Traisepsi, msuli mwenzake, iko nyuma, imeshika ile ncha ngumu ya kiwiko. Ikiivuta ncha hiyo, mkono hunyooka na mkokoteni unakwenda. Kwa hiyo hata kusukuma ni kuvuta.

Mmoja ukikaza, neva kwenye uti wa mgongo humtuliza mwenzake, ndipo kiungo kikatembea bila kuzuiwa.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea, mwambie. Akishusha ndoo ya maji polepole kutoka kifuani hadi pajani, mkono unanyooka, ila si kwa nguvu ya traisepsi. Uzito wa ndoo ndio unaounyoosha. Baisepsi na brakialisi hubaki zimekaza huku zikirefuka, kama breki. Ajaribu mwenyewe, huku akipapasa kwa mkono wa pili: mbele patakuwa pagumu, nyuma palegevu. Kisha asukume ukuta kwa kiganja, atahisi ugumu umehamia nyuma.