Waya mweusi kwenye swichi

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba aliyotuachia baba hapa Tanga ina nyaya za zamani. Swichi ya ukumbini ina waya mwekundu na mweusi. Nataka kuvuta taa ya barazani kutoka hapo, mweusi uwe nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, usifanye hivyo! Kwenye swichi ya namna hiyo mwekundu huleta umeme, na mweusi huupeleka kwenye taa. Swichi ikiwashwa, huo mweusi una volti 230. Nyutro kwa kawaida iko juu, kwenye silingi rozi, kile kikombe cha darini kinaponing'inia taa. Ndiyo maana rangi peke yake siiamini kamwe, hasa nyumba iliyopitiwa na mafundi wengi.

Zima breka ya taa. Pima soketi yenye umeme kwa mita, pima nyaya, kisha rudi kwenye soketi kuhakikisha mita bado nzima. Huo mweusi uzungushie tepu nyekundu.

Ganda la waya likikatika ukilikunja, usiunge chochote. Badilisha njia yote kwa kebo ya milimita za mraba 1.5 yenye ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mbane akupimie ethi kabla hujamlipa.