Nilijifungua, presha haikuondoka

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Nimeshajifungua salama, vidonge vya presha naweza kuacha?" Moyo ulinilipuka. Swali hilo nililiuliza miaka sita iliyopita, nikajijibu mwenyewe.

Mimba yangu ya kwanza ilikwenda vizuri hadi wiki ya 34. Kliniki wakapima presha: 150 kwa 100, na protini kwenye mkojo, dalili za preeklampsia, yaani presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa. Pete ilishagoma kuvuka kiungo cha kidole, nami nikadhani ni unene wa ujauzito tu. Wiki mbili baadaye ikafika 170 kwa 110. Nikalazwa, nikachomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, nikahisi joto linanipanda mwili mzima, kisha wakanianzishia uchungu. Mwanangu alizaliwa na kilo mbili, maana kondo la nyuma halikuwa likimlisha vya kutosha. Akalia. Nikasema yamekwisha, nikaacha dawa.

Siku ya tano kichwa kikaanza. Nikapiga simu, nikaambiwa ni uchovu wa uzazi, nilale. Usiku nikinyonyesha, uso wa mtoto ukajaa vimulimuli, kisha nikawa nauona nusu. Degedege lilinishika mlangoni pa hospitali. Mpaka leo nikisikia neno "uchovu" nakereka.

Wapendwa, preeklampsia chanzo chake ni kondo la nyuma, ndiyo maana tiba yake ni kujifungua. Lakini mishipa ya damu haitulii siku hiyo hiyo. Presha huweza kupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, na hatari haijaisha kabla ya wiki sita. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, pumzi kubana: usipige simu, nenda. Ukiambiwa ulale, kataa, dai upimwe. Pimeni, jamani, pimeni hata mkijisikia wazima! Dawa ipunguzwe na daktari, na zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Mimba ya pili nilimweleza daktari yote mapema, akanianzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Sikuvuka 130 kwa 80, na ninajivunia. Hata hivyo bado napima kila mwezi, kwa kuwa aliyepitia haya uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye ni kama mara mbili ya wengine.

Dada uliyeniandikia, hukusema kama kichwa kinakuuma. Kama kinauma, usingoje jibu langu, nenda sasa hivi.