Fundi kapiga Windows upya, folda za zamani nizifute?

SWALI: Habari za kazi jamani. Mimi nina stesheneri hapa Morogoro, kompyuta ya dukani ilikuwa nzito mno, mara iwake mara igome, nikamwita fundi apige Windows upya ila nikamsisitiza asifomati maana kuna kazi za wateja na hesabu zangu za QuickBooks. Kamaliza, imewaka vizuri, lakini desktopu tupu! Kuzunguka zunguka kwenye diski C nimekuta folda inaitwa Windows.old, ndani kuna Users, ndani yake jina langu lile lile, nikiifungua inasema sina ruhusa, wakati nimeingia na jina hilo hilo na nywila ile ile. Halafu diski C imejaa mpaka mstari umekuwa mwekundu. Kijana wa duka la jirani anasema hizo ni takataka nifute tu. Nifute? – Mama Stesheneri, Morogoro

JIBU: Mama, tafadhali usifute kitu kwanza, na huyo kijana mwambie asiguse hiyo kompyuta mpaka umalize. Hiyo Windows.old ndiyo kazi zako zenyewe. Ukipiga Windows juu ya ile ya zamani bila kufomati, inachukua Windows ya kwanza, programu zake na folda za watumiaji, inazisogeza zote humo, kisha inaanza upya pembeni. Ndiyo maana desktopu ni tupu na diski imejaa, maana sasa imebeba Windows mbili, na hiyo ya zamani peke yake inaweza kula GB 20 na zaidi.

Sasa kwa nini inakukatalia. Windows haikujui kwa jina wala kwa nywila, kila akaunti inapewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na akaunti ya juzi ilikuwa na namba yake, hii mpya ina nyingine kabisa hata kama jina ni lile lile. Ni kama umebadilisha kitasa cha mlango, jina la mwenye nyumba halijabadilika ila ufunguo wa zamani hauingii. Mara nyingi ukiona huo ujumbe wa ruhusa chini yake kuna kitufe cha Continue, kibonyeze na usubiri, kama mafaili ni mengi inachukua muda kwa hiyo usikimbilie kuzima ukidhani imeganda. Akaunti yako iwe ya administreta lakini. Ikigoma bado, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, Security, Advanced, pale juu penye Owner bonyeza Change, andika jina la akaunti yako ya sasa, Check Names, OK, halafu tiki kale kasanduku kanakosema Replace owner on subcontainers and objects, ndipo ubonyeze OK na ufungue folda upya.

Ukishaingia, kopi Desktop, Documents, Downloads na Pictures uweke kwenye diski ya nje au flashi, usibandike humo humo C ambako hakuna nafasi. Na hapa wengi wanalia: wanaangalia folda yenye jina lao tu wanasahau Public. QuickBooks kwa kawaida inaweka hesabu kwenye Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks\Company Files, kwa hiyo nenda Windows.old\Users\Public ukatafute faili linaloishia na QBW. Hilo ndilo duka lako mama, likopi sehemu mbili. QuickBooks yenyewe utainstol upya, kukopi folda ya programu kutoka Program Files ya zamani hakusaidii.

Alamisho za Chrome zimo kwenye AppData, folda iliyofichwa, unaionyesha kwa kuingia View kisha Hidden items. Hizo zinahamishika, ila nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome hazifunguki kwa kukopi folda kwa sababu zimefungwa na ufunguo wa akaunti ya zamani, labda kama ulikuwa umewasha sinki (sync, yaani kuzitunza pia mtandaoni) kwenye akaunti yako ya Google.

Fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye hiyo diski ya nje, hasa la hesabu, uhakikishe yanafunguka. Hapo sasa ndiyo ufute, na si kwa kubonyeza Delete maana itakusumbua na ruhusa kila hatua. Ingia Settings, System, Storage, Temporary files, tiki Previous Windows installations, ondoa. Haina kurudi nyuma hiyo. Ila kazi ya kukopi fanya leo hii, usiiache wiki ijayo, maana mtu akipandisha toleo la Windows folda hii hufutwa yenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo si mahali pa kutunzia kitu.

SWALI: Kwenye C naona Documents and Settings ina mshale na haifunguki, na kwenye Users kuna Default sijaitengeneza mimi. Ni kirusi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana ndugu, wala si mabaki. Documents and Settings ilikuwa folda halisi enzi za Windows XP, tangu Vista kazi yake ikahamia Users, na hiyo unayoiona ni kielekezi tu kinachozipeleka programu za zamani kule Users. Kukataa kufunguka ndivyo ilivyopangwa. Default nayo ndiyo kiolezo ambacho Windows inakopi kila ukifungua akaunti mpya, ukiifuta akaunti zitakazofuata zitasumbua. Ziache zote mbili, na kama hauzipendi machoni ondoa tu tiki kwenye Hidden items, zitajificha zenyewe.