Jani la manjano limeanzia wapi?

Mara ya kwanza nilipopanda nyanya ndani ya nyumba, chini ya taa, niliua miche minne kati ya sita kwa huruma. Majani ya chini yalianza kupoteza rangi, nikasema hii ni njaa, nikaongeza mbolea. Siku chache baadaye ncha za majani zikaungua. Nikaamua kwamba mmea unakosa kalsiamu, nikanyunyizia kalsiamu. Yakatokea madoa, nami nikakimbilia dawa ya ukungu. Wiki ya tatu niling'oa mche mmoja kwa hasira na kukuta mizizi ya kahawia, imelainika kama tambi zilizolala kwenye maji, inanuka kinamasi. Kumbe tangu siku ya kwanza tatizo lilikuwa maji tu. Yale mengine yote niliyaleta mwenyewe kwenye chupa.

Tangu hapo nina mazoea mamoja: sigusi chupa yoyote kabla sijajua jani la kwanza kubadilika lilikuwa lipi. Rangi yenyewe hudanganya, kwa sababu njano ya njaa na njano ya kuzama hufanana sana. Ila mahali ilipoanzia husema mengi.

Sababu ni hii. Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha ndani ya mwili wake: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani makuukuu na kuvipeleka kwenye machipukizi, kama mama anayeacha chakula chake ili mtoto ale. Kwa hiyo jani la chini ndilo hulia kwanza. Vingine, kama kalsiamu na chuma, vikishakaa kwenye jani havihami. Vikikosekana, jani jipya juu kabisa ndilo huzaliwa na kasoro, huku ya chini yakiwa ya kijani bila wasiwasi.

Basi piga magoti, anza chini.

Jani la chini likipauka lote kwa usawa, pamoja na mishipa yake, na hali hiyo ikipanda polepole kutoka jani hadi jani, fikiria naitrojeni. Mishipa ikibaki kijani huku nafasi zilizo katikati yake zikigeuka njano, hiyo mara nyingi ni magnesiamu. Kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani, imejengwa kuzunguka chembe moja ya magnesiamu, ndiyo maana upungufu wake huonekana kwenye rangi. Mimi hutumia chumvi ya Epsom, ambayo ina magnesiamu, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nikinyunyizia majani wakati taa zimezimwa. Kingo za majani ya chini zikikauka kahawia kuzunguka jani zima, hapo nafikiria potasiamu.

Juu nako, jani changa likitoka la njano na mishipa ya kijani, mara nyingi ni chuma. Lakini chuma chenyewe huwa kimo kwenye udongo! Kinachokizuia ni pH iliyopanda (pH ni kipimo cha uchachu), hasa kwa wanaomwagilia maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Pima. Mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, yakinge, tia kipimo. Kwa udongo, mimea mingi ya mboga hufurahia kati ya 6.0 na 6.8. Kwa nyuzi za nazi au kilimo cha maji bila udongo, kati ya 5.5 na 6.5. Ukiongeza mbolea kabla ya kurekebisha pH, unampakulia mgonjwa aliyefungwa mdomo.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo mshtakiwa wa kwanza siku zote. Ndani ya nyumba hakuna upepo wa kutosha wala jua la kukausha chungu, na sisi wenye miche ya ndani tunaipita mara kumi kwa siku, kila tukipita mkono unawasha. Mmea uliozama hulegea kama mmea wenye kiu, na hapo ndipo mtu anapoongeza maji. Tofauti ninayoiona ni kwamba jani la mmea wenye kiu huwa jepesi, limekunjamana, na udongo umejitenga na kingo za chungu. La mmea uliozama huwa nene, limejikunja kuelekea chini, na udongo una ubaridi. Usihukumu kwa kutazama uso wa udongo. Nyanyua chungu. Kinyanyue baada tu ya kumwagilia, kinyanyue tena siku inayofuata, na baada ya wiki mbili mkono wako utajua uzito kuliko kipimo chochote. Ukiwa bado na shaka, pindua chungu na utoe mmea na udongo wake taratibu. Mizizi myeupe inayonukia udongo ni mizima. Ya kahawia inayovuliwa ganda ukiivuta imeoza, na mmea wenye mizizi ya namna hiyo hauli hata ukimwagiwa mbolea ya dunia nzima.

Ncha zilizoungua ni jambo jingine. Ncha tu, kwenye majani mengi kwa pamoja, huku jani likiwa na kijani kizito kupita kiasi, ni shibe: mbolea nyingi. Angalia kama kuna chumvi nyeupe kwenye ukingo wa chungu. Pitisha maji safi mengi hadi yatiririke chini, kisha urudi kwenye nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Na taa, jamani. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na pilipili iliyopauka juu, nikaitibu chuma, mpaka siku moja nikaona jani lililofunikwa nusu na jenzake. Sehemu iliyokuwa kivulini ilikuwa ya kijani kabisa, na umbo la kivuli lilikuwa limechorwa wazi kama alama ya ukanda wa saa kwenye mkono. Alama kama hiyo hunifanya niishuku taa kwanza. Nikainua taa, majani yaliyofuata yakatoka mazuri. Taa za LED ndizo hasa hutudanganya hapa, maana mkono wako hauhisi joto huku jani likichomwa na mwanga.

Madoa yanahitaji kioo cha kukuza. Ni kifaa cha bei ndogo, na kimenisaidia kuliko dawa zote nilizowahi kununua. Vidoti vidogo vyeupe au vya njano, kama jani limechomwachomwa na sindano? Ligeuze. Upande wa chini ndiko utitiri wanakoishi. Huitwa utitiri wekundu, ingawa wengi ninaowakuta wana rangi ya kijani hafifu na madoa mawili meusi mgongoni. Si wadudu hasa, wana miguu minane, ni ndugu wa buibui, na ukiona utando umechelewa. Kama macho hayaoni, gonga jani juu ya karatasi nyeupe, usubiri. Nukta zikianza kutembea, umepata jibu.

Wanapenda joto na ukavu, hali ambayo chumba chenye taa huwapa bure. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi, yai linaweza kuwa utitiri mzima ndani ya takriban wiki moja, kwa hiyo kunyunyizia mara moja ni kujifariji, kwa sababu mayai hubaki. Mimi huosha majani kwa maji, hasa chini, kisha hutumia sabuni laini ya maji au mafuta ya mwarobaini, na narudia kila baada ya siku nne hadi mara tatu au nne. Taa zikiwa zimezimwa. Mafuta kwenye jani chini ya taa kali huliunguza, na kesho yake utakuwa na madoa mapya ya kuchunguza.

Mistari ya fedha inayong'aa yenye nukta nyeusi za kinyesi ni vithiripi, wadudu wadogo wembamba. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiri unga, aina ya ukungu. Punguza msongamano wa majani, weka feni.

Madoa ya ukungu huwa na umbile. Bakajani tangulia kwenye nyanya huacha duara ndani ya duara, kama shabaha ya mlenga mishale, kuanzia majani ya chini. Madoa madogo ya mviringo yenye kati ya kijivu na ukingo mweusi ni ukungu mwingine, nao huanzia chini vilevile. Yote mawili yanahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ili yaote, kwa hiyo mwagilia kwenye udongo, ondoa majani yaliyogusa chungu, usiyaache yakioza chini. Doa la ukungu lina mpaka. Njano ya njaa hufifia polepole bila mpaka. Ukikumbuka hilo utaokoa hela nyingi za dawa.

Usingoje jani lililoharibika lipone. Sehemu iliyokauka haifufuki. Matibabu yanapimwa kwa majani yanayozaliwa baadaye, na mimi hujipa siku 7 hadi 10 kabla ya kubadilisha kitu kingine. Nabadilisha kimoja tu kwa wakati, naandika tarehe kwenye kipande cha mkanda kilichobandikwa kwenye chungu, napiga picha ya jani lilelile chini ya mwanga mweupe. Mwanga wa zambarau wa taa za kukuzia hufanya kila jani lionekane limekufa.

Kuna hali moja ambayo sitibu. Jani likiwa na viraka vya kijani kizito na kijani hafifu, limekunjamana, na machipukizi yanatoka nyembamba yaliyopinda, hicho ni kirusi, hakina dawa. Nang'oa, natia kwenye mfuko, nanawa mikono na kuosha mkasi kabla sijagusa mche wa jirani.