Kamba wekundu wanaopauka

SWALI: Mhariri, mwezi Januari nilinunua Dar es Salaam kamba wadogo wa maji baridi kumi na wawili, wekundu kabisa, nikasafiri nao kwa basi hadi hapa Uyole, Mbeya. Nimewaweka katika tangi la kioo la lita 40 lenye changarawe nyeupe, pamoja na wenzao sita wa buluu, na huwalisha makombo ya mkate. Sasa wekundu wamepauka na watoto wao wametoka kahawia. Je, ni baridi ya huku kwetu, au kuna chakula cha kuwarudishia rangi?

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako imebeba maswali mawili ambayo ni vyema tukayatenganisha, kwa kuwa kupauka kwa wakubwa kunarekebishika, ilhali ukahawia wa watoto hauondolewi na chakula chochote.

Kamba wekundu na wa buluu wanaofugwa majumbani kwa kawaida ni spishi moja, Neocaridina davidi, yenye asili ya Asia ya Mashariki, ambayo porini huwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Rangi hizo kali zilipatikana kwa wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na ukiwachanganya, uzao hurudia rangi ya mababu. Watenge leo hii. Hao wa kahawia wafuge katika chombo chao, wala usiwamwage mtoni, kwani si viumbe wa mito yetu.

Kuhusu wakubwa, mimi ningeanza na changarawe kabla ya chakula. Kamba ana seli za rangi zinazotanuka au kusinyaa kulingana na mahali alipo, hivyo juu ya sakafu nyeupe hujififisha ili asionekane na adui. Weka changarawe nyeusi au ya kahawia iliyokolea, iliyooshwa vizuri, na uongeze mimea au ukoka wa majini wa kujifichia, kwa sababu kamba mwenye hofu hupauka pia.

Chakula kinafuata. Wekundu wao hutokana na karotenoidi, yaani viini vya rangi vya asili, hasa kile kiitwacho astazanthini, ambayo kamba huipata kwa kula mwani au kwa kuibadilisha kutoka katika viinilishe vya mimea, kama vile flamingo wa Ziwa Natron wanavyopata uwaridi wao katika vijimea vya maji ya magadi. Mkate hauna kitu hicho, tena huchafua maji. Wape kipande kidogo cha karoti, boga au mchicha uliochemshwa kidogo, mara mbili au tatu kwa wiki, ukiondoa mabaki baada ya saa chache, na uuache mwani uote kwenye kioo cha nyuma. Mboga hizo zitoke bustanini kwako ikiwezekana, maana za sokoni huenda zilipuliziwa dawa ya wadudu au mrututu, na shaba iliyomo ndani ya mrututu ni sumu kwa kamba hata ikiwa kidogo sana.

Baridi ya Mbeya naiondolea lawama nyingi. Kamba hawa huishi vizuri katika nyuzi 20 hadi 25 na huvumilia pungufu ya hapo; kinachowadhuru ni mabadiliko ya ghafla, kwa mfano kumwagiwa ndoo ya maji ya bomba asubuhi ya Julai. Yaache maji yakae ndani ya nyumba siku nzima, yapate joto la chumba na klorini ipungue, kisha ubadilishe sehemu ndogo tu, si zaidi ya moja ya tano kwa wiki. Baada ya hapo vuta subira, kwani rangi huonekana vizuri zaidi baada ya kamba kujivua gamba mara kadhaa.

Jambo la mwisho, wachunguze hao waliopauka ni akina nani. Dume huwa mdogo, mwembamba na mwenye rangi hafifu kuliko jike, na hata umlishe vipi hatamfikia. Kwa hiyo, unapochagua wazazi wa kizazi kijacho, linganisha majike kwa majike na madume kwa madume, tena wote wakiwa juu ya sakafu ile ile nyeusi.