Domeini isajiliwe kwa jina LAKO, usimwachie fundi

Mkuu mleta uzi, hiyo laki mbili na nusu anayotaka fundi wa kukutengenezea blogu usiitume kwanza. Nimesoma swali lako, umeuliza themu (muonekano) gani inafaa blogu ya mapishi, uchukue WordPress au Blogger (programu za kuendeshea blogu), matangazo ya Google yanaanza kulipa lini, halafu katikati hapo ukapenyeza kama kitu kidogo tu kwamba fundi kasema domeini (jina la tovuti, lile la .com) na hostingi (nafasi ya mtandaoni tovuti inakokaa) atavilipia yeye kwenye akaunti yake ili wewe usihangaike. Hayo mengine yote yanasubirika. Hilo la katikati ndo litakalokuliza, na waliojibu huko juu wako bize wanabishana mambo ya themu, hakuna hata mmoja aliyeligusa.

Maneno hayo nayajua, mimi na dada yangu tuliambiwa hivyo hivyo. Tulikuwa na blogu ya kuku wa kienyeji, tunaandika chanjo, magonjwa, namna ya kutengeneza chakula mwenyewe, na pembeni tunauza vifaranga. Jamaa aliyetutengenezea alikuja na maneno matamu, "nyie andikeni makala, mambo ya kiufundi niachieni mimi, kila mwaka mnanipa hela nawalipia". Na kweli kila mwaka tukawa tunampa. Blogu ikakua, mtu akitafuta Google habari za ugonjwa wa kideri anatukuta sisi, wafugaji wanapiga simu kutoka Songea, kutoka Kahama, tukachapisha kadi, tukaandika jina la tovuti kwenye boksi za vifaranga na kwenye bango la dukani.

Siku moja tovuti haifunguki. Tunapiga simu, haipokelewi. Tunatuma meseji, tiki mbili za bluu, kimya. Baadaye ndo anajibu eti yuko safarini, atashughulikia. Kumbe hela ya mwaka ule alikula, domeini haikulipiwa, na zile imeli za kukumbusha kwamba muda unakwisha zilikuwa zinaenda kwake, sisi hatujawahi kuona hata moja maana imeli iliyosajiliwa ni yake.

Tukasema basi tulipie wenyewe. Tukawaandikia wale waliomuuzia domeini, tukaeleza kila kitu, tukaambatanisha risiti zetu za M-Pesa, picha ya leseni ya biashara, picha ya bango. Jibu lilikuja la heshima kabisa: akaunti hiyo si ya kwenu, mwenye domeini kwenye kumbukumbu zetu ni mtu mwingine, hatuwezi kujadili akaunti ya mteja na mtu baki. Mtu baki, mkuu! Jina letu la biashara, hela yetu, jasho la dada yangu anayeandika usiku watoto wakishalala, halafu sisi ni watu baki. Na ukweli mchungu ni kwamba wale hawakukosea, ndivyo kanuni zinavyotaka. Domeini ni kiwanja, na hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mwashi.

Ngoja nikueleze inavyokwenda maana hili mafundi hawakwambii. Domeini ya .com ikiisha muda haifutwi siku hiyo hiyo. Msajili, yaani kampuni inayouza domeini, anaweza kuishikilia mpaka siku 45, hapo mara nyingi unalipia kwa bei ya kawaida. Ikifutwa inaingia kipindi cha kukombolewa cha siku 30, hapo bei inapanda vibaya sana, kisha siku 5 za mwisho haiguswi na mtu, halafu inaachiwa, mwenye mbio aichukue. Wasajili wengine hata hawafiki huko, wanaipiga mnada mapema. Kwa hiyo muda wa kuokoa jina upo, tena wa kutosha, ila unamfaa yule tu ambaye akaunti ni yake. Sisi tulikuwa tunahesabu siku zinaisha huku tunaangalia mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo anasoma meseji hajibu.

Mwisho ikachukuliwa. Mfugaji anabonyeza makala ya chanjo ya kideri anaangukia kwenye mambo ya kubeti. Viungo vyote ambavyo watu walikuwa wameweka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye kurasa zao, vyote vikawa vinampelekea wateja yule aliyenunua jina. Kuna mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi alipiga simu kauliza, "mwanangu, mmeacha kuku mnachezesha kamari?"

Na bado hujafika kwenye kibaya zaidi. Imeli zetu zilikuwa za domeini ile ile, ile ya info na ya dada. Na imeli hizo ndizo tulizofungulia ukurasa wa Facebook na akaunti nyingine za biashara. Sasa fikiria, anayemiliki domeini anaweza kutengeneza imeli yoyote juu yake, akaunda info kama ile ile, akaenda Facebook akabonyeza "nimesahau paswedi", namba ya uthibitisho ikaenda kwake. Anaingia kama mwenye nyumba. Wiki ile dada hakulala, tunakimbizana kubadilisha imeli kila mahali, na penye kudai uthibitisho kutoka imeli ya zamani, ambayo haipo tena, tukakwama kabisa. Ndo maana nakwambia imeli ya kusajilia domeini iwe Gmail au nyingine ya nje, ISIWE ya domeini hiyo hiyo, maana domeini ikizimika na onyo la kuzimika haliwezi kukufikia.

Makala zenyewe je? Hostingi nayo ilikuwa kwake, kachukua nafasi moja kubwa kawapanga wateja wake wote humo kama abiria wa daladala, sisi tulikuwa na kulogini kwa WordPress tu, cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi) hatuijui hata rangi. Na hata ndani ya WordPress alitupa nafasi ya mhariri, ya admini kabaki nayo. Unaandika makala vizuri tu unajiona mwenye mali, kumbe hata kitufe cha kutoa maudhui nje hukioni. Tulichookoa tulikitoa Wayback Machine, ile kumbukumbu ya kurasa za zamani ya Internet Archive, tukawa tunanakili makala moja moja, maandishi yapo, picha nyingi hazipo. Zile picha za matumbo ya kuku waliokufa na kideri, ambazo dada alizipiga mwenyewe ili watu watofautishe magonjwa, hizo hatukuzipata tena.

Kinachoniuma ni kwamba hawa mafundi wanaiuza hii kama huduma. "Nisikusumbue." Kusajili domeini ni kazi ya dakika chache, unajaza jina, simu, imeli, unalipa. Ukitaka .co.tz unaingia kwenye orodha ya wasajili walioidhinishwa wa .tz, Wakenya wana yao ya KeNIC, shirika linalosimamia .ke, na wasajili wengi wa hapa wanapokea hela ya simu, huhitaji hata kadi ya benki. WordPress yenyewe ni bure, imekuwa bure tangu Matt Mullenweg na Mike Little waitoe 2003, hakuna leseni ya kununua. Anachokuuzia fundi ni ufundi wake, na huo mlipe vizuri, anastahili. Ila hakuna ufundi wowote unaohitaji jina lake liandikwe kwenye mali yako.

Na asikwambie "tutahamishia kwako baadaye". Domeini mpya ya .com kwa kawaida haiendi kwa msajili mwingine mpaka zipite siku 60, na hata zikipita utahitaji namba ya siri ya uhamisho ambayo inatoka kwenye akaunti yake yeye. Baadaye hiyo ndo siku mtakayokuwa mmegombana.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua akaunti kwa msajili wewe mwenyewe, kwa jina lako na Gmail yako, weka uthibitisho wa hatua mbili, nunua domeini, na tarehe ya kulipia iandike kwenye kalenda ya simu. Hostingi nunua wewe pia. Halafu ndo unamfungulia fundi, unampa paswedi ya muda, anaweka WordPress, anapanga, akimaliza unabadilisha paswedi zote mbele yake na hilo lisiwe jambo la kununa. Wewe ndo admini. Mwambie akuoneshe faili la wp-config.php, lenye mipangilio na paswedi ya databesi, liko wapi na folda ya wp-content/uploads ambamo picha zinakaa, maana lile faili la XML ambalo WordPress inakutolea ukibonyeza kuhamisha maudhui lina maandishi na anwani za picha tu, picha zenyewe hazimo. Bakapu ya kweli (nakala ya akiba) ni mafaili pamoja na databesi, vyote viwili, na vikae mbali na hostingi.

Akikataa kufanya kazi kwa utaratibu huo tafuta mwingine, wamejaa.

Themu chukua yoyote nyepesi ya bure kutoka kwenye ghala la WordPress lenyewe, usipokee ya kulipia iliyovunjwa ambayo fundi anakupa kama zawadi, hizo huwa zinakuja na mlango wa nyuma wa wezi kuingilia. Mambo ya matangazo wenzangu watakujibu. Wewe usiku huu mpigie huyo fundi umuulize swali moja, kama ameshaisajili au bado. Kama ameshaisajili, mwambie akutumie skrinshoti ya ukurasa wa mmiliki, uje uiweke hapa, ufiche namba za simu, tuangalie jina lililoandikwa ni la nani kabla hujampa hata shilingi.